Samaki wa ziwa au wa kufugwa? Mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

Anayesimama mbele ya meza ya samaki Gikomba au City Market, masoko ya Nairobi, huuliza mara nyingi: huyu ni wa ziwa au wa kufugwa? Swali ni la haki, ila halimfikishi mnunuzi mbali. Lishe, usalama na ladha ya samaki huamuliwa zaidi na aina yake, alichokula, na saa alizokaa bila barafu.

Isitoshe, jibu lenyewe lina utata. Ngege, yaani tilapia, anayeitwa wa Ziwa Victoria huenda amekulia kwenye kizimba, wavu mkubwa ulioning'inizwa humo humo ziwani, akilishwa chakula cha punje. Muuzaji hajakudanganya. Tilapia wa maboksi kutoka China ni wa kufugwa, na salmoni wa Norway anayeuzwa kwenye supamaketi vilevile. Mbuta (sangara) na omena (dagaa) wanaofika Nairobi, kwa jumla, ni wa kuvuliwa.

Tuanze na lishe. Gramu 100 za minofu mbichi ya tilapia zina takriban gramu 20 za protini, awe wa bwawani au wa ziwani. Tofauti iko kwenye mafuta. Omega-3, aina ya mafuta yenye faida kwa mwili, huanzia kwenye mwani. Samaki huipata kwa kula mwani huo au kwa kula viumbe waliokwisha kuula. Tilapia aliyekuzwa kwa pumba na soya hubeba zaidi omega-6, aina nyingine ya mafuta isiyosifiwa hivyo, na hapo ndipo ulipozaliwa uvumi kwamba ni mbaya kuliko nyama ya nguruwe. Uvumi huo hauna uzito, kwa sababu samaki huyu ana takriban gramu 2 tu za mafuta katika gramu 100. Mtose kwenye karai la mafuta ya alizeti, na omega-6 atakayonyonya humo itafunika tofauti yote ya bwawa na ziwa. Anayejali mafuta abadilishe upishi kwanza: mchuzi, choma, au kupika kwa mvuke.

Salmoni ni kinyume. Wa kufugwa ana mafuta karibu maradufu ya yule wa kuvuliwa, kwa hiyo hata omega-3 yake kwa kila kipande huwa haipungui, mradi chakula chake kilitiwa mafuta ya samaki. Lakini kwa bei yake, ni vigumu kumpendekezea mtu mwenye watoto wanne wakati omena wapo. Omena mkavu ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, na kwa kuwa huliwa mzima, mifupa na kichwa, humpa mlaji kalsiamu, chuma, zinki na vitamini A. Kumkata kichwa ni kutupa sehemu ya kalsiamu uliyoilipia. Tatizo lake ni mchanga, hasa akianikwa chini badala ya kwenye chanja. Mloweke kwa maji ya uvuguvugu dakika chache, mkoroge, kisha mwopoe kwa mkono au kijiko chenye matundu, na urudie mara 2 au 3 kwa maji mapya. Ukimwaga beseni zima kwenye chujio, mchanga uliokuwa umetuama hurudi juu ya samaki.

Kwenye usalama, kila upande una doa lake. Wa kuvuliwa, hasa samaki wakubwa wanaokula samaki wengine, hukusanya zebaki, metali yenye sumu, mwilini mwaka baada ya mwaka. Mjamzito aepuke papa na nduwaro. Tilapia na omena wako chini kabisa kwenye ngazi hiyo ya kulana. Uvuvi wa sumu nao ulikuwa na gharama: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya viuatilifu vilivyotumika kuvulia. Na popote maji taka ya mji yanapoingia, iwe mto au machimbo ya mawe yaliyojaa maji, usinunue kambare wa hapo hata akiwa anarukaruka.

Kwa wa kufugwa, hofu tunayoulizwa zaidi ni homoni. Ni kweli, vifaranga vingi vya tilapia hulishwa homoni ili wote wawe madume, kwa sababu majike huzaana bwawani na samaki wote hudumaa. Lakini hulishwa kwa wiki 3 au 4 za mwanzo tu, samaki akiwa mdogo kuliko ukucha, naye huvuliwa miezi 6 au 8 baadaye. Mabaki yake yanakuwa yameshatoka zamani. La kuuliza kwa umakini ni antibayotiki: kama bwawa lilitibiwa, je, mfugaji alingoja siku zilizoandikwa kwenye kifungashio cha dawa kabla ya kuvua?

Jodari na vibua wana hatari ya namna nyingine. Wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini katika nyama yao, na kupika hakuiondoi. Mlaji huwashwa na kuwa mwekundu usoni ndani ya saa moja hivi, akadhani ana mzio wa samaki.

Ladha ya tope inayolaumiwa kwa samaki wa mabwawa ina chanzo kinachojulikana, nacho ni jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa maji yaliyojaa rutuba na mwani. Huingia kupitia matamvua na kujificha kwenye mafuta ya samaki, ndiyo maana kambare mnene hunuka zaidi. Hata wa ziwani huipata mwani ukistawi. Mfugaji makini hukata kipande cha samaki mmoja, hukipika kwa mvuke bila chumvi na kukinusa kabla ya kuvua bwawa zima. Kikinuka, huwahamishia samaki kwenye maji safi yanayopita, bila chakula, kwa siku kadhaa. Mpishi aliyekwisha kununua atoe ngozi na mafuta meupe ya tumboni, kisha aloweke kwa ndimu, siki au ukwaju kwa nusu saa. Asidi huivunja jiosmini.

Sasa barafu, kwani Nairobi kukosekana kwake ndiko kunakoharibu samaki wengi. Tilapia kwenye joto la nyuzi 25 huanza kuoza siku hiyo hiyo. Akifunikwa vizuri na barafu, kilo kwa kilo, hudumu zaidi ya wiki. Fungua matamvua mwenyewe: yawe mekundu, yasiwe ya kahawia wala ya utelezi unaonuka. Bonyeza mgongoni, nyama irudi. Jicho lililofifia na nyama inayovuja maji huonyesha samaki wa kugandishwa aliyeyeyushwa na kuitwa freshi. Huyo mpike siku hiyo, usimrudishe kwenye friza.

Nyumbani, samaki mbichi akae sehemu ya chini ya friji, ndani ya bakuli, kwa siku 1 au 2. Kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, tilapia hufika miezi 6. Kambare na salmoni wasizidi miezi 3, kwani mafuta yao huchacha hata kwenye baridi hiyo, kwa hiyo andika tarehe kwenye mfuko.