Maharagi si ufagio wa tumbo

Jumatatu mama mmoja wa Kadutu kaniambia tena: "Docta, nilikula maharagi siku tatu juu ya kufagia tumbo. Gazi ikanizidi, nikaacha." Neno hilo la kufagia nimelisikia hapa Bukavu mpaka limenichosha.

Nyuzinyuzi za kuongeza choo zipo, kama pumba za ngano. Lakini zile ambazo wanasayansi Gibson na Roberfroid walizipa jina la prebiotiki mwaka 1995 hazifagii kitu. Ni chakula, tena si chako: ni cha bakteria wa utumbo mpana. Inulini ya kitunguu, rafinosi ya maharagi, wanga wa ndizi mbichi, vyote vimeng'enya vyetu vinashindwa kuvikata, vinafika chini vizima. Huko bakteria wanavichachusha na kutoa asidi ndogo ndogo: asetati, propionati na butirati. Seli za ukuta wa utumbo mpana zinapata nguvu zao nyingi kwenye butirati hiyo. Gazi nayo inazaliwa humo humo. Si dalili kwamba chakula kimekuozea tumboni!

Alikuwa amebeba mtoto mgongoni. Ananyonya? Ananyonya. Nikamweleza: katika maziwa yako, ukitoa maji, laktosi na mafuta, kinachofuata kwa wingi ni sukari ambazo huyu mtoto hawezi kuzisaga. Mwili wako unazitengeneza kwa ajili ya bifidobakteria, bakteria wazuri walio tumboni mwake. Akamgeuza mtoto mbele, akamtazama.

Ndiyo maana siku tatu za fujo hazisaidii. Hao bakteria wanataka kulishwa kila siku, na kidogo kidogo. Loweka maharagi usiku, mwaga maji yake, sehemu ya ile rafinosi inaondoka nayo. Mashanza, yaani maziwa ya mgando, ni jambo jingine: yanaleta bakteria, chakula chao hayaleti.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Vizuri. Ila kuna watu wenye utumbo mwepesi kuuma, kitunguu saumu kinawatesa kweli, na hao nawapunguzia. Sina kipimo cha kuniambia mapema ni nani. Najaribu, nasubiri, nauliza tena.

Mama yule anaanza na vijiko viwili vya maharagi pembeni ya bugali na sombe. Atarudi baada ya wiki tatu.