Maziwa ya leo ni ya kesho: unaporudi kazini na mtoto bado ananyonya

Likizo ya uzazi ikibakiza wiki mbili, maswali ya akina mama hubadilika. Mwanzoni mama alikuwa ananiuliza kama mtoto amelikamata titi vizuri, kama kinyesi cha njano ni cha kawaida, kama kitovu kitadondoka lini. Sasa anaketi mbele yangu, anamtuliza mtoto begani, na kabla hata sijafungua daftari anasema: "Dada, nina vifuko vinne tu kwenye friza." Anasema kama mtu anayeungama kosa.

Mimi ni mkunga, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa ushauri wa unyonyeshaji. Sentensi hiyo nimeisikia kwa sauti nyingi, kutoka kwa walimu, wahasibu, wafanyakazi wa viwandani, madaktari. Wote wameshika picha moja kichwani, ya friza iliyojaa maziwa mpaka mlango haufungi vizuri. Kwa sababu ya picha hiyo wanaamka usiku wa manane kukamua wakati mtoto amelala, wanachoka kabla kazi yenyewe haijaanza, na wanaingia kazini wakiamini wameshashindwa. Inaniuma, maana hesabu ya kweli ni ndogo sana kuliko wanavyodhani.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee, akiwa na umri wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita, hunywa wastani wa mililita 750 kwa siku nzima, mchana na usiku. Wapo wanaotosheka na 570, wapo wanaofika 900. Na jambo ambalo wengi hawalijui: kiasi hicho hakipandi sana mtoto anapoongezeka uzito. Mtoto wa miezi mitano hanywi mara mbili ya mtoto wa miezi miwili. Sasa gawanya 750 kwa saa 24. Unapata kama mililita 30 kwa kila saa moja. Ukiwa mbali na mtoto kwa muda wa saa 10, safari ya kwenda na kurudi ikiwemo, mtoto anahitaji takriban mililita 300. Hizo ni chupa tatu za mililita 100.

Kwa hiyo siku ya kwanza unahitaji mililita 300, na kidogo cha akiba endapo chupa itamwagika au utachelewa njiani. Vifuko vinne vya mililita 100 vinatosha. Baada ya hapo hutegemei friza tena, unategemea mikono yako. Unayokamua Jumatatu kazini ndiyo atakayokunywa Jumanne. Unayokamua Jumanne ni ya Jumatano. Ya Ijumaa yanakaa kwenye friji, wewe unamnyonyesha mwenyewe Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu yanatumika yakiwa bado salama.

Ndiyo maana huwashauri, kama mwajiri anakubali, warudi kazini katikati ya wiki. Siku mbili au tatu, halafu unapata mapumziko ya kutazama kilichokwenda na kilichokwama.

Mazoezi ya kukamua uanze lini? Wiki mbili hadi tatu kabla ya kurudi zinatosha. Kamua mara moja kwa siku, asubuhi baada ya mtoto kunyonya, kwa kuwa wanawake wengi huwa na maziwa mengi zaidi asubuhi. Ukipata mililita 30, weka. Kesho tena.

Hapa lazima nieleze jambo moja kuhusu mwili, maana bila hilo ushauri mwingine wote hauna mguu. Titi halifanyi kazi kama mtungi unaojazwa, ukiisha umeisha. Titi lililojaa hupunguza kasi ya kutengeneza maziwa, na lililotolewa maziwa huongeza kasi. Mama anayekaa saa 9 kila siku bila kukamua anauambia mwili wake kwamba maziwa ya mchana hayahitajiki, na mwili unatii. Kwa hiyo unapokamua kazini unapata chupa ya kesho, na papo hapo unaulinda uwezo wa titi kutengeneza. Kipimo ninachokitumia ni kila baada ya saa tatu hivi: ukiwa nje saa 9 au 10, kamua mara mbili au tatu, dakika 15 hadi 20 kila mara. Ukikosa mara moja, usijilaumu. Kinachoharibu ni kukosa kila siku.

Na tafadhali usipime maziwa yako kwa unachokiona kwenye pampu. Mtoto anayenyonya vizuri anajua kulivuta titi kuliko mashine yoyote. Nimewaona akina mama ambao watoto wao wananenepa vizuri kabisa huku pampu ikiwapa kijiko. Tazama uzito wa mtoto na idadi ya nepi zilizolowa. Chupa ya pampu haina ushahidi wa kutosha.

Kwa wasio na pampu, au pampu ikiharibika, mikono inatosha, na napenda kila mama ajue njia hii hata kama ana mashine nzuri. Nawa mikono kwa sabuni. Kaa, inama mbele kidogo, shika chombo safi chenye mdomo mpana chini ya titi. Weka kidole gumba juu na kidole cha shahada chini, sentimita tatu hadi nne nyuma ya chuchu, mara nyingi ni pale weusi unapoishia. Kwanza sukuma vidole kuelekea kifuani, kama unataka kugusa mbavu. Kisha vibane vikutane. Achia. Sukuma, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi wala visivute chuchu. Ukiumia, umekosea mahali fulani, anza upya. Kwa dakika nzima huenda usione kitu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Endelea. Linakuja tone, la pili, halafu ghafla vijito vyembamba vinaruka kuelekea pande mbalimbali. Zungusha vidole pembeni mwa titi ili kila upande utoe, hamia titi la pili, kisha rudi la kwanza.

Mruko ule wa ghafla una sababu. Homoni ya oksitosini ndiyo inayobana vijifuko vya maziwa na kuyashusha, na homoni hiyo huzuiwa kwa muda na maumivu, hofu, aibu na haraka. Nilijifunza hili kwa vitabu, kisha nikajifunza kwa mwili wangu. Niliporudi kazini baada ya kujifungua mwanangu wa kwanza, nilipewa choo kuwa mahali pa kukamulia. Mlango haukuwa na komeo, nikawa nauzuia kwa mguu huku nakamua kwa mkono mmoja uliochoka. Dakika 20, matone. Nilirudi kwenye zamu nikiwa na blauzi iliyolowa upande mmoja, na nilivyofika nyumbani tu, mtoto hajanishika hata bega, maziwa yakaanza kuchuruzika yenyewe. Yalikuwepo siku nzima. Yalikosa utulivu wa kushuka.

Kwa hiyo mahali pa kukamulia ni suala la maziwa yenyewe, wala usikubali kuambiwa kwamba unadai starehe. Unahitaji kiti, mlango unaofungika, maji ya kunawa, na choo kisiwe jibu. Beba nguo aliyoilalia mtoto, au angalia video yake fupi kwenye simu. Pumua taratibu, lowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu uweke juu ya titi dakika mbili kabla ya kuanza. Haya ni mambo madogo lakini yanafanya kazi.

Zungumza na mkuu wako kabla hujarudi, na usiende kuomba msamaha. Sema saa unazohitaji na muda wa kila mapumziko, na useme utakavyopanga kazi. "Nitahitaji dakika 20 saa nne na nusu na dakika 20 saa nane, na chumba kinachofungika." Ombi lililo wazi ni gumu kulikataa kuliko maelezo marefu. Na ujue kwamba hujaanzisha jambo jipya. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha mkataba wake wa kwanza wa kulinda uzazi mwaka 1919, na tayari ulimpa mama mwenye mtoto anayenyonya nusu saa mara mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Mkataba Namba 183 wa mwaka 2000 unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na unasema mapumziko ya kunyonyesha yahesabiwe kuwa muda wa kazi na yalipwe. Si kila nchi imeuridhia, kwa hiyo soma sheria ya kazi ya nchi yako na mkataba wako wa ajira kabla ya mazungumzo hayo.

Kuhifadhi. Hapa naulizwa zaidi ya popote, na majibu ni mafupi. Maziwa mabichi yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa salama kwa muda usiozidi saa nne kwenye chumba ambacho joto halizidi nyuzi 25. Pakiwa na joto kali, usingoje. Kwenye mkoba wa ubaridi wenye barafu iliyoganda vizuri, hadi saa 24. Kwenye friji, hadi siku nne, yakiwekwa nyuma kabisa na si mlangoni ambako joto hupanda kila mlango unapofunguliwa. Kwenye friza, ni bora yatumike ndani ya miezi sita. Yakishayeyuka ndani ya friji, yatumike ndani ya saa 24, na yasirudishwe kuganda. Mtoto akianza kunywa akabakiza, masalio yatumike ndani ya saa mbili au yamwagwe. Najua inavyouma kuyamwaga, ndiyo maana nasema hifadhi kidogo kidogo, mililita 60 hadi 100 kwa kifuko, na andika tarehe.

Maziwa yakijitenga, mafuta juu na maji chini, hayajaharibika. Yazungushe taratibu. Yakinuka kama sabuni baada ya kukaa baridini, kwa kawaida ni kimeng'enya kinachovunja mafuta. Ni salama, ila watoto wengine huyakataa. Yapashe moto kwa kuweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto. Maikrowevu iache kabisa, huacha sehemu zinazounguza katikati ya maziwa yanayoonekana vuguvugu.

Anayebaki na mtoto naye afundishwe, na naona tunamsahau mno. Chupa ikiinuliwa wima, maziwa humiminika, mtoto anameza ili asipaliwe, na mililita 150 zinaisha kwa dakika tano. Mama anarudi anaambiwa "hajashiba, maziwa yako ni machache." Amkalishe mtoto karibu wima, chupa ilale karibu sambamba na sakafu, ampumzishe kila baada ya muda mfupi, asimlazimishe kumaliza. Mtoto akikataa chupa ambayo mama anampa, mtu mwingine ajaribu, mama akiwa ametoka nje ya nyumba. Akikataa kabisa, kikombe kidogo kinafaa, hata kwa mtoto mchanga, kikiinamishwa tu mpaka maziwa yaguse mdomo naye ayalambe mwenyewe.

Wengine hunywa kidogo mchana na kuhamishia njaa yao usiku, mama akiwepo. Si ugonjwa. Inachosha, sitakuficha, na ni wakati wa kulala mapema na kuwaachia wengine kazi za nyumbani.

Ukihisi uvimbe mgumu wenye maumivu kwenye titi, usiukandamize kwa nguvu kama tulivyofundishana zamani. Kukanda sana huumiza tishu na kuzidisha uvimbe. Weka kitu cha baridi, endelea kunyonyesha kama kawaida bila kukamua kupita kiasi. Homa ikipanda, au usipopata nafuu ndani ya siku moja, nenda hospitali. Usisubiri mwisho wa wiki.

Na wewe unayechanganya na maziwa ya kopo kwa sababu kazi yako haina dakika hata kumi za kupumua: kila unyonyeshaji uliobaki, wa asubuhi au wa usiku, una faida yake kamili. Usiache kuja kliniki kwa kuogopa nitakachosema.

Swali la mwisho huulizwa mlangoni, mtoto ameshafungwa vizuri: "Nikifika nyumbani nianze na nini?" Mwambie anayebaki naye asimpe chupa kubwa katika saa moja kabla hujafika. Akilia, ampe vijiko vichache tu vya kumtuliza. Piga simu ukiwa njiani useme umefika wapi. Kisha ingia, nawa mikono, kaa chini na viatu vyako, umpe titi. Mengine yote ya nyumbani yatakukuta hapo hapo kitini.