Binzari haipikwi kwa maji

"Mchuzi umepooza? Ongeza binzari." Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa mtu aliyenunua sato mzuri kabisa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, akammwagia nusu pakiti ya binzari ya mchuzi sufuria ikiwa inachemka, kisha akaniuliza kwa nini mchuzi una ladha ya vumbi. Kwa sababu hujaipika, ndugu yangu. Umeilowanisha tu.

Harufu ya viungo hutoka vizuri kwenye mafuta. Kwenye maji hutoka kwa shida, na hata rangi ya manjano ni hivyo hivyo. Sasa binzari ya mchuzi ya pakiti kwa kawaida ina manjano na giligilani kwa wingi, mara nyingi na uwatu. Manjano mabichi yana ladha ya udongo, uwatu mbichi ni mchungu. Ukiongeza, umeongeza udongo na uchungu.

Anayepika nyama anaweza kuzeeka na kosa hili bila kujua. Nyama inakaa motoni saa nzima na zaidi, binzari inaivia humo humo, na mafuta ya nyama yanaisaidia. Samaki hakupi nafasi hiyo. Vipande vya sato vinataka kama dakika kumi, ukizidisha unaokota miiba. Kwa hiyo kila kitu kiive kabla yeye hajaingia.

Iliki na mdalasini vitangulie kwenye mafuta. Kitunguu kikaange mpaka kishike rangi. Saumu, tangawizi. Punguza moto, tia binzari, koroga nusu dakika. Ikianza kushika chini, nyunyiza maji kidogo, maana ikiungua haina dawa, unamwaga na kuanza upya. Nyanya ziingie hapo hapo.

Halafu subiri! Hapa ndipo watu wananichosha. Nyanya zikipondeka tu, wanamimina maji. Bado. Endelea kukoroga mpaka mwiko ukipita uache njia chini ya sufuria, mafuta yajitenge pembeni, na ile harufu inayopigisha chafya iwe imetulia. Ndipo maji ya moto, chumvi, ndimu, samaki.

Tui nalitia mwishoni lisikatike. Ila nimeshakula kwa wapishi wa Pwani mchuzi ambao tui liliachwa likatike makusudi, mafuta yamepanda juu, mtamu kuliko wangu. Kanuni yangu imeyumba tangu hapo, na kwa bei ya nazi huku kwetu sina moyo wa kuijaribu kila wiki.

Wali uwe mweupe: chumvi, mafuta, mkaa juu ya mfuniko. Mchele mpya upunguzie maji.

Na kama umeshaimwaga hiyo binzari kwenye mchuzi unaochemka, mtoe samaki taratibu, acha mchuzi uchemke peke yake mpaka ukauke na mafuta yaonekane, kama hayaonekani ongeza kijiko, ukaange hapo, tia maji ya moto, kisha mrudishe. Hautafikia ulioanza vizuri, lakini wageni watakula.