Chakula na Mazoezi Katika Nyumba ya Lamu: Maswali na Majibu

Maswali yaliyomo humu nimeulizwa na wake kwa waume katika mitaa ya Langoni na Mkomani mjini Lamu, mengine barazani, mengine arusini au matangani, pale mtu anapomvuta mwenziwe kando na kumwuliza jambo aliloona haya kumwuliza daktari. Nimeyaandika kama nilivyoulizwa. Majibu nimeyapanua, kwa sababu barazani hakuna nafasi ya kueleza kila kitu, na mtu asiyeijua sababu ya agizo huliacha baada ya juma moja.

Mavyaa yangu ameambiwa ana sukari. Nimekuwa nikimpikia chakula chake mbali, wali usio nazi na samaki wa kuchemsha, lakini sasa hataki kula. Nifanye nini?

Nakuomba uache kumpikia mbali, upike chungu kimoja cha nyumba nzima. Mama wa makamo aliyezoea kula sinia moja na wanawe na wajukuu, ukimwekea kibakuli chake pembeni, umemtenga na watu kabla hujamtenga na sukari, na si ajabu akakataa chakula chenyewe. Isitoshe, hakuna chakula maalumu cha mgonjwa wa kisukari. Kinachomfaa yeye ndicho kinachomfaa mumeo na watoto: nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, mboga, samaki, matunda kwa kiasi, na mafuta, chumvi na sukari kidogo. Kisukari cha aina ya pili hufuata ukoo pia, kwa hiyo mumeo, ambaye ni mwanawe, yumo katika hatari kubwa kuliko mtu ambaye wazazi wake hawana ugonjwa huo. Ukibadilisha chungu kwa ajili ya mama, umemkinga na mwana.

Lililo muhimu ni jinsi ya kupakua. Katika nyumba nyingi wali hukaa katikati ya sinia kama kilima, mchuzi ukamwagiwa juu, na mboga zikatiwa kwenye kibakuli kidogo ambacho wengine hawakigusi. Jaribu kupakua mboga na kachumbari juu ya sinia lenyewe mpaka zichukue nusu yake, kisha robo iwe ya wali na robo ya samaki, kuku au maharagwe. Mkono huchota kilicho karibu nao. Wali haujaharamishwa, ila umepunguzwa, na siku nyingine unaweza kuacha nafasi yake kwa mkate wa mofa wa unga wa mtama, ambao wazee wetu walikuwa wakiula sana kuliko sisi.

Kuna tahadhari moja. Ikiwa mama anadungwa insulini au anameza vidonge vya kushusha sukari, mwelezeni daktari kabla ya kupunguza wali kwa kiasi kikubwa, kwa maana dawa iliyopimwa kwa mlo mkubwa inaweza kumshusha sukari kupita kiasi mlo ukiwa mdogo. Dawa asiiache kwa sababu anajihisi nafuu.

Tunaambiwa nazi ni mbaya kwa moyo. Mtu wa Pwani atapikaje bila nazi?

Sikushauri upike bila nazi. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni ya aina inayoganda, na aina hiyo ikizidi huongeza lehemu mbaya (kolesteroli) katika damu. Hata hivyo, mafuta kidogo ndani ya mchicha au kisamvu husaidia mwili kuifyonza vitamini A iliyomo kwenye majani hayo, kwa hiyo tui halikutiwa humo kwa utamu peke yake.

Tatizo limo katika wingi na katika kurundika. Angalia mlo wa mchana wa kawaida: wali umepikwa kwa nazi, samaki amekaangwa kwanza kisha akatiwa kwenye mchuzi wa nazi, na mbaazi nazo zina nazi. Hapo mtu mmoja anakula mafuta mara nne katika sinia moja. Kila siku chagua chungu kimoja tu cha kutia nazi. Mchuzi ukiwa na nazi, wali upikwe kwa maji. Tena ukishakuna nazi na kuikamua, weka kasimile kando na upikie tui la pili, lile jepesi, kisha mwishoni utie vijiko viwili vya kasimile kabla ya kuepua. Harufu na ladha zitakuwepo, na mafuta yatakuwa yamepungua sana. Samaki naye achomwe juu ya makaa kisha apakwe, badala ya kuzamishwa katika mafuta ambayo yalishakaangia viazi karai tangu jana. Mafuta yaliyogeuka rangi na kuanza kutoa harufu kali ni ya kumwagwa.

Mimi si mlaji wa vitu vitamu. Mbona uzito wangu unapanda?

Huenda unakunywa usichokihesabu. Nilifanya hesabu hiyo jikoni kwangu. Birika letu hutoa vikombe sita vya chai ya maziwa. Badala ya kumimina sukari kutoka koponi kama ilivyo desturi, niliitia kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa juu, huku nikionja, mpaka chai ikawa tamu kama tulivyoizoea. Vilikuwa vijiko 18. Kila kikombe kilikuwa na vijiko vitatu, na kwa kuwa kijiko kimoja hubeba takriban gramu 4, hizo ni gramu 12. Anayekunywa kikombe asubuhi na kingine alasiri amekula gramu 24.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mwili huipata kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, kiwango ambacho kwa mtu mzima ni karibu gramu 25. Maana yake ni kwamba chai yetu peke yake ilikuwa imekwisha kujaza kipimo cha siku, kabla hatujahesabu sukari iliyokandiwa kwenye mahamri, juisi ya chakula cha mchana, wala soda ya mgeni, ambayo kwa kawaida huwa na gramu 10 hivi kwa kila mililita 100.

Tulichofanya ni kuacha kutia sukari birikani. Sasa kila mtu hujitilia kikombeni, na alipotambua kwamba anatia vijiko vitatu kwa mkono wake mwenyewe, kila mmoja alianza kupunguza. Tangawizi, iliki na mdalasini tuliongeza. Ulimi huzoea, baada ya majuma machache ile chai ya zamani huonekana kama sharubati.

Na sukari guru au asali je?

Mwilini zote ni sukari. Ladha yake ni tofauti na bei yake ni tofauti, lakini mwenye kisukari asizitumie akidhani kwamba ni salama, na mwingine yeyote azihesabu pamoja na ile nyeupe. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyomletea ugonjwa mbaya wa kulegea misuli.

Mboga zinakuja kwa mashua kutoka bara na bei yake hupanda. Familia yenye kipato kidogo itapataje chakula bora?

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mboga na matunda tunayonunua mjini hutoka Mpeketoni na kwingineko bara, yakavushwa kutoka Mokowe. Hata hivyo vyakula vyenye faida kubwa mara nyingi ndivyo vya bei nafuu. Dagaa na vibua vina mafuta yanayofaa moyo, na dagaa anayeliwa na mifupa yake humpa mtoto madini ya kujenga mifupa kuliko kipande cha nguru kilicho ghali mara kadhaa. Mbaazi, kunde na pojo zina protini pamoja na nyuzi zinazofanya sukari iingie katika damu polepole. Embe katika msimu wake, ubuyu na ukwaju usiotiwa sukari vyote vinatoka hapa hapa Pwani. Mchicha humea hata katika karai kuukuu juu ya dari, na majani ya kunde hutoka katika mmea ule ule unaokupa kunde zenyewe.

Kuna jambo dogo ambalo halina gharama yoyote. Madini ya chuma yaliyomo katika kunde na mboga za majani hufyonzwa vizuri yakiliwa pamoja na ndimu, embe au nyanya mbichi, na hufyonzwa vibaya yakiteremshwa kwa chai. Mama mjamzito au msichana mwenye upungufu wa damu akikamua ndimu juu ya kunde zake, na akaiahirisha chai kwa muda wa saa moja au zaidi, atapata faida kubwa kutoka katika mlo ule ule.

Nafanya kazi za nyumba kutwa. Je, hayo si mazoezi? Nami kama mwanamke nitakimbia wapi?

Baadhi yake ni mazoezi na baadhi yake si mazoezi. Kuteka maji, kufua kwa mikono, kusugua sakafu na kupanda ngazi za nyumba ya ghorofa huuamsha moyo. Kukuna nazi juu ya mbuzi na kuchambua mchele huchosha mgongo, lakini moyo haujui kama kuna kazi. Kipimo chepesi ni pumzi: ukiwa katika zoezi la wastani unaweza kuzungumza, ila huwezi kuimba.

Mtu mzima anashauriwa afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa juma, pamoja na kazi za kutia misuli nguvu walau siku mbili. Hakuna haja ya kukimbia. Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa ajili ya miguu na punda, na hiyo ni neema ambayo miji mingine haina. Inanisikitisha kuona kijana mzima akipanda pikipiki kwa mwendo wa dakika kumi. Kutoka mjini hadi Shela kwa njia ya pwani ni kilomita 3 hivi. Nawafahamu akina mama wanne ambao huondoka baada ya swala ya alfajiri, wakiwa na mabuibui yao na ndara za kamba, wakafika Shela jua likichomoza, na kurudi kabla watoto hawajaamshwa. Hawajanunua chochote. Ukienda nusu ya njia na kurudi, siku nne kwa juma, tayari umeshakaribia dakika 150.

Kwa ajili ya misuli, keti kwenye kiti imara na uinuke bila kushika kitu mara kumi, upumzike, urudie. Zoezi hilo linawafaa hasa wazee, kwa kuwa mzee mwenye mapaja yenye nguvu haanguki ovyo ngazini. Mwenye maumivu ya kifua au anayeishiwa pumzi upesi amwone daktari kabla ya kuanza.

Katika mwezi wa Ramadhani tunafunga kutwa, lakini wengi wetu hunenepa. Kwa nini?

Kwa sababu futari yetu imekuwa karamu ya kila siku: sambusa, kaimati, viazi karai, mikate ya sinia, tambi za sukari, na juisi juu yake. Fungua kwa tende na maji, ukaswali, kisha urudi mezani ukiwa umetulia. Tumbo huchukua takriban dakika 20 kuujulisha ubongo kwamba limeshiba. Chagua kitu kimoja cha kukaanga kwa siku. Daku nayo isiachwe, na iwe na kunde, mtama au yai, ambavyo hukaa tumboni.

Mwenye kisukari amwone daktari mwezi mmoja au miwili kabla, dawa zipangwe upya. Kupima damu hakubatilishi saumu, kwa fatwa za wanazuoni wengi. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au ikipanda kupita 16.7, au akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi na kuchanganyikiwa, afungue papo hapo.

Mume wangu husema chakula chenye chumvi kidogo ni cha hospitali. Nimbadilisheje?

Usimtangazie. Kipimo cha siku kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate, vidonge vya mchuzi, achari na ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi. Punguza kidogo kila juma, na pengo ulizibe kwa ndimu, ukwaju, kitunguu saumu na pilipili. Ng'onda mloweke na umwage maji mara mbili kabla ya kupika. Kopo la chumvi liondolewe mezani, likae jikoni.

Naye akapimwe presha hata kama hajihisi lolote, kwa kuwa presha kwa kawaida haina dalili. Kipimo cha 140 juu au 90 chini, kikirudiwa siku nyingine na kikawa kile kile au zaidi, ni ugonjwa unaohitaji matibabu. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya wamepewa vifaa vya kupimia presha na sukari majumbani, kwa hiyo ulizeni mtaani kwenu ni nani.

Hatuna mizani nyumbani. Tutajuaje kama tunafanikiwa?

Chukua uzi usiovutika. Mtu asimame wima bila viatu, umpime kutoka utosini hadi nyayoni, ukate uzi hapo. Ukunje katikati, kisha umzungushe kiunoni, usawa wa juu kidogo ya kitovu, akiwa ameshusha pumzi na hajalibana tumbo. Ncha zikikutana, kiuno chake hakijazidi nusu ya urefu wake. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yamekuwa mengi, na hayo ndiyo yanayokaribisha kisukari na maradhi ya moyo hata kwa mtu ambaye anaonekana mwembamba mikononi na usoni. Kila mtu mzima wa nyumba awe na uzi wake, utundikwe msumarini, na upimwe tena kila mwandamo wa mwezi.