Gesi ya makaa ya mawe haipikwi na joto peke yake

Wengi huamini kwamba methani, gesi iwakayo iliyomo kwenye makaa ya mawe, hupikwa na joto la kilindini tu. Joto huchangia, ndiyo. Lakini katika bonde la Powder River, Marekani, makaa hayajaiva sana, na methani yake kwa sehemu kubwa ni kazi ya vijidudu.

Makaa ya aina hiyo bado yana oksijeni nyingi na vikundi vya methoksi (vipande vidogo vya kaboni, hidrojeni na oksijeni), masalia ya lignini, kitu kinachoipa miti ugumu, ya mimea ya kale. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kijidudu Methermicoccus shengliensis hugeuza vikundi hivyo kuwa methani moja kwa moja, bila msaidizi. Anthrasaiti, makaa yaliyoiva kabisa, imeshavipoteza karibu vyote. Imebaki pete za kaboni zilizoshikamana. Kwa kijidudu, huo ni mfupa usio na nyama.