Mzee karuhusiwa hospitalini, simu mkononi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Bila simu janja mzee hawezi kufuatiliwa akiwa nyumbani.

Ukweli: Kitochi kinatosha kwa mengi. Meseji ya kukumbusha kliniki inaingia, na chaji hukaa siku kadhaa, jambo kubwa kwa kijiji cha Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, kinachotegemea sola. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure. Bibi asiyeona maandishi vizuri apigiwe, na kama Kigogo ndicho kinachomkaa, aelezwe kwa Kigogo.

Dhana: Wazee hawajifunzi teknolojia.

Ukweli: Mbona hela ya alizeti wanaipokea kwa simu?

Dhana: Mashine ikisoma presha nzuri, dawa ziachwe.

Ukweli: Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Asubuhi mashine inaonyesha 128/76, babu anafurahi, vidonge vinarudi kabatini. Namba ile imeshuka kwa sababu ya dawa. Ugonjwa bado upo. Akiacha, presha hupanda kimyakimya hadi kiharusi kimwangushe. Dawa apunguziwe na daktari tu.

Na kupima kuna utaratibu wake. Mzee aende haja ndogo kwanza, kisha akae kimya dakika 5, ameegemea, miguu sakafuni. Mkanda ufungwe juu ya kiwiko, kwenye ngozi na si juu ya shati, mkono ukae usawa wa moyo. Apime mara 2 kwa kupisha dakika 1, zote ziandikwe. Ikifika 180/120 huku kifua kinauma, mdomo umepinda au upande mmoja umelegea, msipoteze muda kupiga picha mashine. Tafuteni usafiri.

Dhana: Tukituma vipimo kwenye grupu la familia, tumemaliza.

Ukweli: Watoto 6 wanaona, kila mmoja anadhani mwenzake kajibu. Chagueni mmoja wa kusoma namba kila siku na kumpigia mhudumu. Kwa mgonjwa wa moyo, uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, huenda maji yanajaa mwilini, na simu ipigwe siku hiyohiyo.

Dhana: Akiongea na daktari kwa video, kliniki haina haja.

Ukweli: Video haibonyezi mguu uliovimba wala haitoi damu ya kupima figo. Tarehe ya kurudi ibaki palepale. Kabla hamjatoka wodini, ombeni namba ya kupiga mkikwama, iandikeni kwa tarakimu kubwa nyuma ya cheti cha dawa.