"Alisoma sheria kwa wakili": maana yake katika Marekani ya mwanzo

Wasifu wa wanasiasa wengi wa Marekani wa karne ya 18 una maneno haya: fulani alisoma sheria kwa wakili fulani. Msomaji wa leo hudhani kuna chuo hapo. Hakuna. Profesa wa kwanza wa sheria katika chuo cha Marekani, George Wythe, alianza kufundisha William and Mary, Williamsburg, mwaka 1779 tu. Kinachosemwa ni uanagenzi: kijana anajiweka chini ya wakili mzoefu, anasoma vitabu vyake na kumfanyia kazi za ofisi.

Ada ilikuwa ya mapatano. John Adams, rais wa baadaye, alipokwenda kwa wakili James Putnam mjini Worcester, Massachusetts, mwaka 1756, walikubaliana miaka miwili kwa dola 100, azilipe atakapoweza. Mchana alifundisha shule ili ajikimu.

Kazi kubwa ya mwanagenzi ilikuwa kunakili hati kwa mkono. Msidhani ni adhabu. Sheria ya Uingereza iliyotumika huko ilikuwa na hati maalumu kwa kila aina ya dai: deni lina yake, kuingilia ardhi ya mtu kuna yake, kuzuia mali isiyo yako kuna yake. Wakili akikosea hati, shauri lilitupwa hata kama mteja ana haki. Aliyenakili hati mia alizijua kwa moyo. Ubaya ni kwamba wakili mwenye wateja wengi alipata karani wa bure, na kijana akamaliza muda wake anajua kuandika bila kujua kwa nini. Thomas Jefferson, rais mwingine wa baadaye, ambaye yeye mwenyewe alisoma kwa Wythe kuanzia 1762, Wythe akiwa bado wakili, aliandika mwaka 1769 kwamba kumweka kijana kwa wakili kunamdhuru kuliko kumsaidia. Apewe maktaba na mpangilio wa vitabu, basi. Jefferson mwenyewe alibahatika kupata mwalimu aliyemwacha asome.

Kitabu kilichowatesa wengi ni maelezo ya Edward Coke, jaji wa Uingereza wa karne ya 17, juu ya sheria ya ardhi, yasiyo na mpangilio wa kumsaidia anayeanza. Njia ya kukimudu ilikuwa daftari la dondoo: kila kanuni inafupishwa kwa maneno ya msomaji mwenyewe. Mambo yalilainika baada ya juzuu nne za mwanasheria Mwingereza William Blackstone zinazoeleza sheria ya Uingereza (1765–1769), zilizochapwa upya Philadelphia mwaka 1771 na 1772.

Mwisho ni mtihani wa mdomo mbele ya mawakili, na ukali wake ulitegemea aliyekaa mbele yako. Patrick Henry, gavana wa baadaye wa Virginia, alipita huko mwaka 1760 baada ya kujisomea muda mfupi sana. New York ilidai miaka mitatu ya ukarani, ila waliopigana vita vya uhuru walilegezewa; ndiyo maana Alexander Hamilton, waziri wa fedha wa baadaye, aliweza kuwa wakili mwaka 1782 baada ya miezi michache ya kusoma.

Uzoefu ule wa kupima kila neno la hati ndio uliowafaa bungeni. Virginia ilipotaka kuandika upya sheria zake baada ya uhuru, kazi iliangukia watu watatu: Jefferson, mwalimu wake Wythe, na Edmund Pendleton, aliyeanza akiwa na miaka 14 kama mwanagenzi wa karani wa mahakama ya wilaya. Mwaka 1779 waliwasilisha miswada 126.